Udhu wa Alfajiri

Udhu wa alfajiri wa Nusaiba ulikuwa unafika mpaka isha, na mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, hakuwa mtu wa kulifunika jambo kama hilo. Alilisema dukani, alilisema msibani, na asubuhi ile alikuwa analisema uani huku anachambua mchele, kwa sauti ya kumfikia Bernadeta, mpangaji wao, aliyekuwa anafua.

"Wenzetu wanaoa wanawake, sie tumeoa malaika," alisema. "Tangu kaingia humu ndani sijamwona na kopo mkononi. Chafya sijaisikia. Miayo sijaiona. Anatawadha alfajiri, udhu huohuo unampeleka mpaka isha. Nani wa siku hizi anaweza?"

Bernadeta, mtu wa Ndanda asiyejua kuzungusha maneno, alikamua shati akalitundika.

"Mama, huyo mtu au mtungi?"

"Wivu tu huo."

"Sina wivu, mama. Mie nikichelewa kwenda chooni hata jina langu nasahau."

Chumbani, nyuma ya wavu wa dirisha, malaika mwenyewe alikuwa anayasikia yote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, magoti ameyabana, midomo imekauka, na chini ya kitovu panawaka moto. Kila siku aliamka na nia ya kuacha, na kila siku mama mkwe alimsifu kabla jua halijapanda. Sifa ni tamu, na ukishavishwa kuivua ni kazi.

Nyumba yao ilikuwa kama nyingi za Temeke: korido katikati, vyumba huku na huku, uani mwisho wa korido, choo kwenye pembe ya ua. Kando ya mlango wa choo, penye kivuli pekee cha ua ule, ndipo Mzee Khalfani, baba mkwe, alipoweka meza yake alipostaafu bandarini. Alikuwa anatengeneza feni. Alizifungua, akazipuliza vumbi, akazifunga, na kutwa nzima wateja waliingia na kutoka. Adhuhuri, alasiri na magharibi aliswali palepale kwa sababu ya goti lake bovu. Msikitini alijikongoja alfajiri na isha tu. Ndiyo kusema kwamba kwa Nusaiba choo kilikuwa kinafunguliwa na adhana, mara mbili kwa siku.

Wala hakuna mtu wa nyumba ile aliyemkataza. Aliyemkataza ni somo yake, Bi Rukaiya, kungwi aliyemfunda kabla ya ndoa. "Mwali haonekani na kopo mbele ya mkwe," alimwambia. "Hapigi chafya, hapigi miayo, habeui, halii. Vyote hivyo bana, mpaka ufunguliwe." Zamani hayo yalikuwa mambo ya fungate, siku saba basi. Somo alikaa na mwali chumbani, akamletea beseni, akalimwaga mwenyewe, na siku ya saba akamshika mkono akamtoa uani mbele ya watu wote, mwali kafunguliwa. Lakini makungwi wa siku hizi wana shughuli nyingi kuliko siku. Fungate ikiwa katikati, Bi Rukaiya alipigiwa simu na watu wa Mbagala waliokuwa na mwali mwingine, akachukua mkoba wake, akaaga mlangoni. Siku ya saba ikaja ikapita. Ramadhani ikaja, nayo Nusaiba akaipenda kuliko wote mle ndani, kwa kuwa mwezi ule hakuwa peke yake kuyakimbia maji mchana. Ramadhani nayo ikapita. Nusaiba akaendelea kubana.

Kwao, Kilwa Kivinje, neno la somo halihojiwi. Wewe unaweza kucheka. Yeye hakuwa na nafasi ya kucheka.

*

Homa ilianza kidogokidogo, ikafuatiwa na kutapika, na Bi Mwanakombo akapiga hesabu zake haraka. Siku hiyohiyo alirudi kutoka sokoni na udongo wa kula, ule wanaoutafuna wajawazito, na pakiti ya ubuyu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umepewa taarifa.

"Mama, hatujapima bado," alisema Suhaib, mume wa Nusaiba, kijana mpole aliyekuwa anatunza ghala la duka la dawa za asili za Kihindi kule mjini.

"Mie nimezaa sita, unaniambia habari ya kupima?"

"Lakini analalamika mgongo."

"Mimba ya kiume hiyo. Hukaa mgongoni."

Walikwenda zahanati hata hivyo, mama mkwe mbele, mkwe nyuma akitembea kama mtu aliyebeba yai mapajani. Muuguzi aliita kwa sauti, benchi zima likasikia: "Nusaiba, chukua kikopo, lete mkojo." Wanaume wawili wakageuza shingo. Nusaiba alikipokea kile kikopo akakificha ndani ya mtandio kama mwizi. Chooni alisimama muda mrefu. Mkojo ulikuwapo, tena umejaa mpaka unauma, lakini nje ya mlango aliisikia sauti ya Bi Mwanakombo akimweleza mtu habari za udhu wa alfajiri. Mwili uligoma. Alipotoka, kikopo kilikuwa kikavu.

"Hana," Bi Mwanakombo alimwambia muuguzi, na ungedhani anatangaza matokeo ya mtihani. "Huyu ndivyo alivyo."

"Unakojoa mara ngapi kwa siku, dada?" daktari aliuliza.

Nusaiba alimtazama mama mkwe, akatazama sakafu. "Kawaida."

Walimpima damu, malaria hakuna, mimba hakuna. Walimpa dawa ya kutuliza maumivu, wakamwambia arudi na mkojo kesho yake. Ule udongo alikuja kuukuta Bernadeta juu ya jalala pamoja na ubuyu, pakiti haijafunguliwa.

Kesho yake Nusaiba hakuweza kusimama.

*

Suhaib alipokosekana kazini siku ya pili, mwajiri wake alikuja kumwangalia. Mama Hansa alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Dar es Salaam na mama yake pia mzaliwa wa hapohapo, mfupi, mnene, na mwenye haraka. Aliteremka kwenye gari lake kuukuu, akavuka korido, akatokeza uani, na kabla hata ya kukaribishwa kiti alimwamkia Mzee Khalfani shikamoo akauliza:

"Choo kiko wapi? Nimetoka mjini na foleni yote ile, nimebanwa sana."

Bi Mwanakombo alionyesha kwa kidole. Mama Hansa akachota maji kwenye pipa kwa kopo, akapita mbele ya meza ya Mzee Khalfani, mgeni mzima wa heshima, akaingia, akafunga. Alipotoka alisimama palepale mezani akipangusa mikono.

"Mzee, hii feni ina shida gani?"

"Bushi zimekwisha," Mzee Khalfani alijibu bila kuinua macho. "Ninayo nyingine, nabadilisha."

"Na ya kwangu nitakuletea. Inapiga kelele kama trekta."

Basi, yakaishia hapo. Dunia haikuanguka. Nusaiba aliyaona yote kupitia wavu wa dirisha, na ndani ya homa yake akajiuliza kama ameota.

Mama Hansa alipoingia chumbani alimkuta mgonjwa kajikunja ukutani. Aliweka kiganja kwenye paji la uso, akaugusa mgongo chini ya mbavu, Nusaiba akaruka. Kisha mwayo ukamjia mgonjwa, naye akaubana kama alivyozoea. Taya zikakaza, pua zikatanuka, machozi yakamlenga.

"Umefanya nini hapo?"

"Sijafanya kitu, mama."

"Umemeza mwayo. Nimekuona. Kwa nini umeumeza?"

Bi Mwanakombo, aliyesimama mlangoni, akamjibia. "Ndiyo adabu yake. Habeui, hapigi chafya. Hata chooni huwezi kumwona."

Mama Hansa aligeuka taratibu. "Hata chooni?"

"Kutwa nzima!"

"Na maji anakunywa?"

Fahari ya Bi Mwanakombo ilianza kuyumba. "Maji... mie sijamwona sana na maji."

Mama Hansa akavuta kigoda akakaa. "Wazee wetu wa India, kwenye tiba yao ya Ayurveda, wanasema kuna vitu kumi na tatu mtu havizuii. Mwili ukikuita, itika. Mkojo. Choo. Upepo, samahani mama. Chafya. Miayo. Mbweu. Kutapika. Njaa. Kiu. Usingizi. Machozi. Kuhema ukitoka kwenye kazi nzito. Wanasema ukikizuia kimoja hakipotei, kinageuka njia, kinarudi ndani kutafuta pa kuharibu. Mkojo unarudi kwenye kibofu na mgongo. Machozi yanakaa kifuani." Akamgeukia Nusaiba. "Mwanangu, wewe umezuia vingapi?"

Nusaiba alikuwa anafuata hesabu kwa vidole juu ya shuka. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekuwa hajaitumia siku nyingi.

"Umetaja kumi na mbili, mama."

"Cha kumi na tatu ni cha kwenu humu chumbani. Muulize mumeo."

Suhaib, aliyekuwa ameegemea ukuta, alitazama dari. Nusaiba akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikamshtua mwenyewe, kikavuta kilio, na kilio kile kikaja na yote aliyoyafungia tangu harusi: fungate, Bi Rukaiya, wali alioula kidogo ili asipate kiu, michana aliyokaa amebana miguu akisikiliza feni za baba mkwe. Alisema yote. Alilia kwa sauti mpaka Bernadeta akaacha kufua akasogea dirishani.

"Kwa hiyo ni mie niliyemwua?" Bi Mwanakombo aling'aka. "Mie nimemkataza choo? Nani kaniona? Mtoto wa watu anakuja kunivua nguo mbele ya wageni!"

"Hakuna aliyekufa bado," Mama Hansa alimkata. "Hii ni figo, na figo haingoji tumalize kugombana. Dawa zangu mtanunua baadaye, za kutuliza tumbo. Leo ni hospitali. Suhaib, mbebe mkeo, gari lipo nje." Kisha mlangoni akasimama. "Na mama, wale wazee wana orodha ya pili, ya vitu ambavyo mtu anatakiwa avizuie. Hasira. Kijicho. Tamaa. Maneno makali. Hivyo ndivyo vya kubana."

Bi Mwanakombo alifungua mdomo. Akaufunga.

*

Hospitali walimlaza. Maambukizi yalikuwa yamepanda kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo ya kulia, wakamtundikia dripu na kumchoma sindano za kuua wadudu. Safari hii aliweza kutoa mkojo kwenye kikopo, mweusi kama chai ya rangi, akauweka kwenye dirisha la maabara mbele ya watu. Suhaib alisimama kando yake kama anayelinda benki.

Daktari alikuwa mwanamama wa maneno machache. "Umewahi," alimwambia siku ya kumruhusu. "Figo itapona. Lakini ukirudi kubana, utarudi hapa, na safari ijayo sikuahidi kitu. Maji, na choo kila unaposikia haja. Mchana. Usiku. Wakati wowote."

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Sindano inaweza kuua wadudu, lakini haijui kumvusha mwali uani mchana wa saa sita.

Habari ilikuwa imeshamfikia Mzee Khalfani. Alikaa na mkewe usiku ule bila kuwasha redio.

"Yaani mie ndiye niliyekuwa kufuli," alisema. "Nimekaa pale nakebehi watu kwa kuchelewa sala, na ndani ya nyumba yangu mtoto anaswali kabanwa na haja. Kuswali umebanwa ni karaha, Mwanakombo. Tumefundishwa tangu chuoni. Wewe ulikuwa unajisifia karaha."

Bi Mwanakombo alikuwa na majibu matatu tayari, mawili kati yake makali. Aliyameza yote, akalala ameyakumbatia. Asubuhi alimwambia Bernadeta kwamba kubana mdomo ni kazi kuliko kubana mkojo.

Kulipokucha, Mzee Khalfani alihamisha meza yake. Aliiburuta mwenyewe, goti na yote, mpaka barazani mbele ya nyumba, penye jua kali na vumbi la barabara.

*

Siku ya kwanza nyumbani Nusaiba alikunywa maji kama alivyoagizwa. Haja ikamjia mchana. Alichota kopo, akafika kizingiti cha uani, akasimama. Uani palikuwa na Bernadeta tu na nguo zake. Baba mkwe hayupo, njia nyeupe. Miguu ilikataa. Aliisikia sauti ya Bi Rukaiya kama iko sikioni: mpaka ufunguliwe.

Alirudi chumbani akalia, safari hii kwa sauti, maana kulia alishajifunza.

"Aitwe huyo somo," aliamua Bi Mwanakombo. "Aje afungue alichofunga."

Bi Rukaiya alifika kwa bodaboda na mkoba wake uleule, amejifukiza udi, tayari kwa chai. Aliposomewa shitaka uani alishika kifua.

"Mie? Mie niliondoka fungate haijaisha, kila mtu kaniona. Mwali akiachwa na somo, wa kumfungua ni mama mkwe. Sheria ndiyo hiyo."

"Sheria ya wapi?" Bi Mwanakombo aliinuka. "Wewe ndiye uliyemfunga. Mie nilijua umemfungua siku unaaga. Nikamwona habebi kopo, nikasema huyu kaumbwa hivyo."

"Ulimwona miezi yote hiyo hukuuliza?"

"Nimuulize nini? Mtu anamuuliza mkwewe habari za chooni?"

"Basi kosa lako."

"Kosa langu? We mwanamke ambaye..." Bi Mwanakombo alishikilia kanga yake kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaanza upya kwa sauti ya chini iliyomgharimu sana. "Bi Rukaiya. Dada yangu. Tusigombane. Mshike mkono tu umtoe."

"Haiwezekani hivihivi. Siku ya saba ina utaratibu wake. Lazima kuwe na udi, kuwe na kanga pea moja ya somo..."

"Kanga gani tena? Si ulichukua siku ya harusi?"

"Ile ilikuwa ya kumfunda. Hii ya kumfungua."

Bernadeta aliacha kufua akakaa juu ya ndoo ili afaidi vizuri. Suhaib alijaribu kuingilia, akaambiwa na wote wawili anyamaze, haya si ya wanaume. Walirudi kwenye sheria za Kilwa, wakaenda za Mafia, wakahesabiana siku, wakatafuta nani alimwona nani kaaga mlango upi.

Nusaiba alikuwa amesimama kizingitini na kopo lake. Alikuwa amekunywa maji mengi tangu asubuhi, na haja ilikuwa imemshika barabara. Aliwatazama wale wanawake wawili, wote aliokuwa akiwaogopa, wakivutana juu ya mwili wake kama watu wanaotafuta ufunguo wa nyumba isiyo na mlango. Akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akijua. Alikuwa ameitunza amri kuliko wenyewe walioitoa, na figo yake ndiyo iliyolipa. Hasira ilimpanda, akaitambua, na hiyo akaamua kuizuia. Mkojo hapana.

Akashuka kizingiti. Akapita katikati yao, kopo mkononi, maji yakimwagika kidogo kwenye mguu wa Bi Rukaiya. "Samahani, somo," alisema. Akaingia, akafunga mlango.

Bernadeta alijiziba mdomo kwa kiganja, sabuni na yote. Nusaiba alipotoka, wale wawili walikuwa bado wamesimama palepale, vidole vimenyooshwa, wamesahau walikuwa wanamnyooshea nani.

"Nimeshakwenda," Nusaiba aliwaambia. "Chai iko jikoni."

Hakurudi chumbani. Na kopo lake tupu vilevile, alipita koridoni moja kwa moja mpaka barazani. Mzee Khalfani alikuwa ameinamia feni, jasho linamchuruzika shingoni, wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Alipomwona mkwewe na kopo, mzee aliangalia pembeni haraka, kwa aibu yake mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, naomba urudishe meza yako uani. Huku jua litakuua. Mie nitakuwa napita tu, wala hutanizuia."

Mzee Khalfani alimtazama, pengine mara ya kwanza tangu ndoa kumtazama usoni hasa. Kwa mazoea ya mikono yake, aliipuliza ile feni. Vumbi la miaka liliruka likamvaa Nusaiba usoni. Chafya ilimjia kutoka miguuni. Zamani angeiua. Sasa aliinua uso, akaiacha ije, ikapasuka hapo barazani mbele ya mkwe na wateja na barabara nzima, mpaka kopo likamtoka mkononi likaviringika chini ya benchi.

"Alhamdulillahi," alisema Nusaiba.

"Yarhamukillahu, mwanangu," Mzee Khalfani aliitikia, na wateja wakaitikia, na muuza matunda wa ng'ambo akaitikia. Ndani ya korido Bi Mwanakombo aliitikia kwa nguvu kuliko wote, na mkononi alikuwa na bilauri ya maji anamletea mkwewe.

Mmoja wa wateja akaokota kopo akampa mwenyewe. Mzee akaanza kuiburuta meza, na Suhaib akashika upande wa pili.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanakombo alikuwa uani anachambua mchele, sauti imemrudia yote.

"Wenzetu wanaoa mitungi," alimwambia Bernadeta. "Sie mkwe wetu akipiga chafya, mpaka sokoni wanaitikia."